Redio Zenye Masikio Mengi: Kusikilizana Kati ya Kitale na Bungoma Simu Zinapozimika

Matini ya mazungumzo kwa wakazi kuhusu mawasiliano wakati wa majanga



Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Pokot Magharibi, kaskazini mwa Kitale. Matope yaliporomoka juu ya nyumba za watu waliokuwa wamelala, Nyarkulian, Parua na vijiji vingine. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Madaraja yalisombwa, barabara ya Kitale kwenda Lodwar ikakatika, na waokoaji wakapata taabu kufika.

Katika usiku kama huo, swali la kwanza haliwi la mahema wala blanketi. Swali ni nani ameumia, yuko wapi, na njia gani bado inapitika. Bila majibu hayo gari la wagonjwa haliondoki, au linaondoka kuelekea mahali pasipofaa. Simu ya mkononi ndiyo tegemeo la kila mtu, lakini mnara wa simu unategemea umeme. Stima ikipotea, mnara unabaki na betri na pengine jenereta, na mafuta ya jenereta hupelekwa kwa barabara ile ile iliyokatika. Hata pale mnara unapobaki hai, watu wote hupiga simu kwa wakati mmoja na laini hujaa.

Mazungumzo haya yanahusu njia nyingine, ya redio za mawasiliano, na hasa tatizo moja ambalo watu wengi hawalijui: mtu aliye bondeni anaweza kumsikia vizuri anayemwita, naye asisikike hata kidogo. Ardhi iliyo kati ya Kitale na Bungoma inatumika hapa kama mfano wa kueleza tatizo hilo na dawa yake.

REDIO YA RIDHAA NI NINI

Redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa na watu waliojifunza kazi hiyo kwa hiari, bila malipo. Haitangazi muziki, haiuzi bidhaa, na haitumiki kwa biashara. Mwenye redio hiyo huzungumza na mwenzake ana kwa ana, kijiji kwa kijiji au bara kwa bara.

Nchini Kenya, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Alama za vituo vya Kenya huanza na 5Z4, kama vile namba ya gari inavyoonyesha gari limesajiliwa wapi. Kipo pia chama cha watumiaji hao cha Kenya, ambacho ni mwanachama wa muungano wa kimataifa ulioanzishwa Paris mwaka 1925.

Kazi ya watu hawa huonekana zaidi pale mambo yanapoharibika. Tsunami ilipopiga Bahari ya Hindi tarehe 26 Desemba 2004, kikundi cha warushaji wa ridhaa kutoka India kilikuwa tayari visiwani Andaman kwa shughuli zao za kawaida. Simu zilipokatika, redio zao zikageuka njia ya kupeleka habari za waathiriwa kwa jamaa zao bara. Nepal nayo, baada ya tetemeko la Aprili 2015, warushaji wa ridhaa walisaidia kupitisha ujumbe. Mwaka 2003, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio ulioketi Geneva uliziingiza katika kanuni zake: nchi zinahimizwa kuviruhusu vituo vya ridhaa vijiandae kusaidia wakati wa majanga.

KINYWA KIKUBWA, MASIKIO MADOGO

Redio nyingi za mkononi hutumia masafa ya VHF. Kwa upande wa ridhaa, katika eneo la dunia lenye Afrika na Ulaya, masafa hayo ni megahezi 144 hadi 146. Mawimbi ya aina hii husafiri karibu kama macho yanavyoona. Mlima ukiingia kati, yanakwama au yanadhoofika sana.

Ndiyo maana huwekwa mtambo juu ya kilima, unaoitwa ripita. Ripita husikiliza kwa masafa mamoja na kurudia papo hapo kile ilichosikia kwa masafa mengine. Kwa mfano, inasikiliza kwenye megahezi 145.000 na kurusha kwenye 145.600. Mtu wa upande huu wa kilima na mtu wa upande ule, ambao wasingesikilizana kamwe, sasa wanazungumza kupitia kileleni.

Sasa itazamwe ardhi yenyewe. Kitale iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 juu ya bahari. Bungoma iko karibu mita 1,400. Kati yao, ndege ikiruka moja kwa moja, ni takriban kilomita 70. Magharibi umesimama Mlima Elgon wenye mita 4,321, na miguu yake inashuka kwa matuta na mabonde kupitia Kapsokwony, Kopsiro na Cheptais. Mashariki ni milima ya Cherangani. Kusini, ardhi inaporomoka ghafla karibu na Webuye, chini ya vilima vya Chetambe. Ripita moja iliyowekwa karibu na Kitale haitaona kila bonde la Elgon wala kila kijiji kilicho chini ya ukuta wa Webuye. Ndiyo maana watu huunganisha ripita mbili au zaidi: kinachosikika kwenye moja kinarushwa na zote.

Lakini kuunganisha peke yake hakumalizi shida. Ripita ya kawaida inaweza kurusha kwa wati 50 kupitia antena ndefu iliyo juu ya mlingoti. Redio ya mkononi hurusha kwa wati 5 kupitia antena fupi, na mara nyingi mwenye nayo amesimama chini ya miti au ndani ya nyumba. Nguvu ya ripita ni mara 10 ya nguvu ya redio hiyo. Kinywa cha mtambo ni kikubwa, lakini masikio yake hayakui kwa sababu wati zimeongezwa.

Matokeo yake ni ya kuhuzunisha. Mhudumu wa afya wa kijiji aliye bondeni anasikia kituo kikuu kikiuliza, "Wewe uko wapi? Wangapi wameumia?" Anajibu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kituoni wanasikia mvumo tu, kama mvua juu ya mabati, na wanaandika kwamba huko hakuna jibu. Kuongeza nguvu ya ripita hakutamsaidia mtu huyo. Anachohitaji ni sikio lililo karibu naye.

KURA BILA KAMPENI

Dawa ni kuongeza masikio. Ripita inabaki na mtambo wake mmoja wa kurusha, lakini vipokezi vinatawanywa: kimoja kileleni, kingine kwenye tuta linalotazama bonde la Kopsiro, kingine upande wa Webuye, kingine karibu na Kanduyi. Vyote husikiliza masafa yale yale. Kila kimoja hupeleka alichosikia mahali pamoja, kwenye kompyuta inayohesabu kura.

Mfano wake upo mashambani. Mahindi yakikomaa, walinzi wanne hulala kwenye pembe nne za shamba. Mtu akipiga kelele usiku, wote wanne wanaweza kusikia, lakini si kwa ubora mmoja. Mmoja amesikia sauti tu, mwingine amesikia neno, na aliye karibu amesikia jina na mahali. Mwenye shamba hawapi wote wanne nafasi ya kusema kwa pamoja, kwa maana atachanganyikiwa. Anamsikiliza yule aliyesikia vizuri zaidi.

Kompyuta ya kura hufanya hivyo mara nyingi kila sekunde. Kila kipokezi huleta sauti pamoja na alama: mawimbi haya yamenifikia kwa nguvu kiasi hiki. Chenye alama ya juu ndicho sauti yake inarushwa. Gari la wagonjwa likitoka Kitale, likapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kura itahama yenyewe kutoka kipokezi hadi kipokezi. Dereva hagusi kitufe chochote, na anayemsikiliza Bungoma hajui kwamba sikio limebadilika.

HATUA ZA KUWEKA MTAMBO

Kazi hii si ngumu kuliko kazi nyingine za fundi wa redio, ila inataka mpangilio. Zipo programu za bure za kompyuta zinazoweza kuhesabu kura hizo, mojawapo ikiitwa SvxLink. Ugumu hauko kwenye programu. Uko kwenye uaminifu wa vipokezi.

Hatua ya kwanza ni kuwafanya wapiga kura waseme lugha moja. Kipokezi kimoja kinaweza kusoma 7 pale ambapo kingine, kwa mawimbi yale yale, kinasoma 5. Fundi hutumia kifaa kinachotoa mawimbi ya nguvu inayojulikana, akakiunganisha kwenye kila kipokezi, akaanza na mawimbi dhaifu sana, kisha ya wastani, kisha yenye nguvu. Alama huandikwa na kusawazishwa mpaka vipokezi vyote vitoe jibu moja kwa mawimbi mamoja. Hatua hii ikirukwa, kipokezi chenye majigambo kitashinda kila kura hata kama kinasikia vibaya, na yule wa bondeni atarudi kwenye mvumo wake.

Hatua ya pili ni kutofautisha nguvu na usafi. Kipokezi kilicho kwenye mlingoti wenye mitambo mingine kinaweza kupata mawimbi makali ambayo ni uchafu mtupu. Kwa sababu hiyo, mifumo mingi hupima pia mvumo ulio juu ya sauti ya binadamu: mvumo ukipungua, sauti ni safi. Tena hutumika toni ya chini sana ambayo sikio haliitambui kwa urahisi. Redio za watumiaji huituma pamoja na sauti, na kipokezi kisichoisikia toni hiyo hakipigi kura.

Hatua ya tatu ni kusawazisha ukubwa wa sauti. Kipokezi cha Webuye kisisikike kwa kelele na cha Kopsiro kwa mnong'ono. Msikilizaji aliyepunguza sauti ya redio yake kwa sababu ya kimoja anaweza kukosa ujumbe muhimu wa kingine.

Hatua ya nne ni wakati. Sauti kutoka kipokezi cha mbali inaweza kuchelewa sehemu ndogo ya sekunde, hasa ikipitia mtandao wa kompyuta. Kura ikihama kutoka kipokezi kinachowahi hadi kinachochelewa, silabi hurudiwa. Ikihama kinyume chake, silabi humezwa. Ndiyo maana kompyuta hushikilia sauti zote kidogo hadi ile ya nyuma kabisa ifike, halafu huziachilia pamoja. Mifumo mingine hutumia saa za setilaiti za GPS kuweka muhuri wa wakati kwenye kila kipande cha sauti.

Hatua ya tano ni kuzuia kigeugeu. Vipokezi viwili vikiwa karibu sawa, kura inaweza kurukaruka huku na huku mpaka maneno yakatike. Kompyuta huelekezwa isihame mpaka mpinzani awe mbele kwa kiasi kinachoeleweka, kwa mfano desibeli chache.

Hatua ya mwisho ni kutembea. Mtu mmoja hupita njiani na redio ya mkononi, akitaja mahali alipo kila baada ya umbali mfupi: sokoni, darajani, shuleni, kwenye zahanati. Mwingine huandika kipokezi gani kilishinda na sauti ilikuwaje. Ramani inayotokana na zoezi hilo ni ya thamani kuliko makadirio yoyote, kwa sababu inaonyesha kijiji gani bado hakina sikio.

UMEME, RADI NA NJIA YA KUUNGANISHA

Kipokezi kina faida moja kubwa juu ya ripita nzima: kinakula umeme kidogo. Hesabu yake ni rahisi. Kipokezi na vifaa vyake vikitumia nusu ampia kwa volti 12, kwa saa 24 vitatumia ampia-saa 12. Siku tatu bila jua zinahitaji ampia-saa 36. Betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, hivyo inahitajika ya ampia-saa 72 au zaidi. Betri ya ampia-saa 100, pamoja na paneli ya sola, inatosha na kubakiza. Kifaa cha kuunganisha kikila zaidi, hesabu irudiwe.

Suala zito zaidi ni njia ya kupeleka sauti kutoka kipokezi hadi kwenye kompyuta ya kura. Intaneti ya kampuni ya simu ni rahisi kuweka na hufanya kazi vizuri siku za kawaida. Lakini ikiwa shabaha ni kuzungumza simu zinapozimika, haiwezekani kuyategemea mawasiliano hayo kwa simu zile zile. Njia iliyo salama zaidi ni kiungo cha redio kati ya kilima na kilima, kwa masafa mengine yaliyoruhusiwa, kikiwa na betri yake. Intaneti inaweza kubaki ya akiba.

Kompyuta nayo lazima ijue kiungo kinapokatika. Kipokezi kilichopotea kisihesabiwe, na vilivyobaki viendelee. Kukiwa na vipokezi vinne, kukosekana kwa kimoja huacha bonde moja bila sikio, lakini mtandao wote hauanguki. Kompyuta yenyewe ikifa, ripita inapaswa kurudi kusikiliza kwa kipokezi chake cha kileleni, kama zamani.

Halafu ipo radi. Ukanda huu wa magharibi, unaopakana na bonde la Ziwa Victoria, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Mlingoti mrefu juu ya kilima ni mwaliko kwa radi. Mlingoti, vizuizi vya radi kwenye nyaya, na boksi la vifaa lazima viunganishwe kwenye ardhi moja kwa waya mnene na mfupi. Fundi asipofanya hivyo kabla ya msimu wa mvua, mtambo utakufa msimu ule ule unaohitajika.

NENO LA KWANZA LISIPOTEE

Hata mtambo bora una udhaifu mmoja unaomhusu kila mtumiaji. Mtu anapobonyeza kitufe, redio yake inaanza kurusha, kipokezi kinaitambua toni, kura inahesabiwa, kiungo kinafunguka, na ripita inawaka. Yote haya huchukua sehemu ya sekunde. Anayesema huku anabonyeza hupoteza mwanzo wa neno lake.

Katika Kiswahili jambo hili ni la hatari, kwa sababu katazo liko mwanzoni mwa neno. "Usivuke mto" ikipoteza silabi mbili za kwanza inabaki "vuke mto". "Hawajafika" ikikatwa inabaki "jafika", na msikilizaji aliyechoka anaweza kudhani wamefika. Usiku wa mafuriko, silabi mbili hizo zinaweza kugharimu maisha.

Kwa hiyo mafunzo yoyote ya redio huanza hapa. Bonyeza, subiri sekunde moja, ndipo useme. Taja unayemwita, kisha jina la kituo chako, kisha mahali ulipo. Jambo la katazo liwekewe neno lake mwanzoni na lirudiwe: "Hatari, hatari. Daraja limekatika. Gari lisipite." Anayepokea arudie alichosikia, na aliyetuma athibitishe. Namba zitajwe tarakimu moja moja.

SHERIA NA NAFASI YA MWANANCHI

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka udhibiti wa majanga kwenye serikali ya kitaifa na pia kwenye kaunti. Masafa ya redio, kwa upande mwingine, yanasimamiwa kitaifa. Hakuna mtu, kikundi wala ofisi inayoweza kufunga ripita juu ya kilima na kuanza kurusha bila idhini. Leseni ya mtumiaji, masafa ya ripita na ya viungo vyote hupitia Mamlaka ya Mawasiliano. Anayerusha ovyo anaweza kuvuruga mawasiliano ya polisi, ndege au hospitali bila kujua.

Kwa kuwa redio ya ridhaa ni ya watu wenye leseni binafsi, haichukui nafasi ya redio za polisi, za zimamoto wala za ambulensi. Inasimama pembeni yake, tayari. Faida yake ni kwamba wenye kuiendesha wanaishi vijijini humo humo, wanajua njia za mkato, na wamekuwa wakizungumza kila wiki kabla ya janga kutokea.

Mipaka ya kaunti nayo isiwe kizuizi. Maji ya Mto Nzoia hukusanyika kutoka Cherangani na Elgon, yakapita Trans Nzoia, yakashuka Webuye na kuendelea hadi nyanda za Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mvua inayonyesha juu usiku huu ni habari kwa aliye chini kesho. Maji yanahitaji saa nyingi kufika, lakini sauti ya redio inafika mara moja, mradi aliye juu awe na sikio la kumsikia. Kipokezi kilicho upande wa Trans Nzoia kinaweza kumlinda mtu wa Bungoma na wa Busia.

Shule za upili na vyuo vya kiufundi vyenye vijana wanaosoma umeme na elektroniki vinaweza kuanza na vilabu vya kusikiliza, kisha kuwatayarisha wanafunzi kwa leseni. Vikundi vya hiari vya uokoaji na machifu wa maeneo ya mteremko vinaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji mtambo wowote: kuorodhesha mabonde ambayo simu hukata mara kwa mara, na vilima vinavyoyatazama. Orodha hiyo ndiyo fundi atakayoiuliza siku ya kwanza, kwa sababu kipokezi huwekwa palipo na asiyesikika.

 Sasa ni zamu ya maswali.